Tanbihi ya Arubaini na Saba

Kitabu kililetwa ghalani na mgeni mpita njia.
Bei yake, niliuliza, ni mishahara yangu miwili
na nauli ya kwenda Mkoani na kurudi.
Sikukinunua. Nilikiazima kutwa moja
nikatoa kopi dukani kwa Mbarouk, Chake,
mashine ikikohoa kila umeme uliporudi.

Kazi yangu vigae. Nasugua kwa mswaki,
natia namba kwa wino mweusi,
nalaza kila kimoja mfukoni mwake.
Kigae hakiulizi nani kakitaja.
Mie ndiye niliyekaa na penseli, usiku, nikahesabu.

Marejeo, kurasa kumi na nne.
Huyu kamtaja yule mara kumi na moja,
yule kamrudishia tisa,
na wa tatu yuko kati, anakula pande zote.
Kama majirani wapelekeanao futari:
bakuli haliendi tupu, halirudi tupu,
na lina nyumba zake linazozijua.
Sisi tuliochimba shimo
tunapata harufu tu.

Basi nikashika jambo moja.
Ukurasa wa themanini na mbili, ukuta wa mashariki kule Gofuni,
"kama ijulikanavyo, ni wa msikiti wa wanawake."
Tanbihi ya arubaini na saba: tazama fulani, 2009.
Nikamtazama. Kasema "inafahamika"; tazama fulani, 1998.
Nikamtazama na huyo. Kasema "yamkini"; tazama 1991.
Makala ya 1991 ilinichukua miezi mitatu kuipata,
na ilipofika ilikuwa na "labda", ndani ya mabano,
na chini yake, kwa herufi za sisimizi:
habari kutoka kwa mwenyeji.

Mwenyeji.
Chuoni Maalim Khatibu hakutufunza hivyo.
Alitwambia habari ina mapokezi:
fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani,
na kila mmoja ana jina, na baba, na mji,
na kama alikuwa msahaulifu, hilo nalo lisemwe.
Mwenyeji hana baba. Mwenyeji hana mji.
Kwa Maalim ungekula bakora.

Na mwenyeji huyo namjua.
Alivaa saa mkono wa kulia. Alichukia dagaa.
Kachimba nao misimu minne kwa ujira wa kutwa,
na alipokufa daftari lake likawa langu:
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, penseli imepauka.
Hao mabingwa wa maandishi ya kale,
hakuna hata mmoja aliyeomba kuliona.
Kaandika baba:
"Leo bwana kaniuliza ukuta ule wa nini.
Nikamwambia labda msikiti wa wanawake, labda.
Bibi alikuwa akisema hivyo,
lakini Bibi naye hupenda kutia chumvi."

Nilicheka peke yangu mpaka paka akaamka.
Miaka thelathini na kitu, vitabu, majibizano,
mmoja kanyimwa cheo kwa kukataa msikiti,
na chini ya yote ajuza anakoleza mchuzi.

Sikumwandikia mtu. Nilichukua lebo ya sanduku la mia na kumi na mbili
nikaandika nyuma yake, kwa wino usiofutika:
Mapokezi: Faki Shaame Vuai, kwa bibi yake, Mize binti Kombo.
Daraja: dhaifu.
Ukuta wenyewe sijui. Huenda Bibi kasema kweli.

Juzi kaja mwanafunzi kutoka Wete,
tasnifu mkobani, kaiona lebo.
Akauliza atutaje vipi.
Nikamwambia, anza na Bibi.
Kaandika jina, katia mkato, kaniuliza mwaka.
Nikasema: mwaka ule karafuu zilipozaa
mpaka matawi yakakatika.
Akatafuna kalamu.
Halafu akaandika: hakuna tarehe.